Jina Nililoandika Kwenye Fomu ya Bima

Jumamosi, tarehe 16 Machi. Asubuhi manyunyu, milima imefunikwa na ukungu mpaka miguuni. Saa tano jua likatoka kwa nguvu, lami ikaanza kufuka mvuke. Sasa ni jioni na wingu limerudi.

Leo tumetoka benki, mimi na mke wangu. Nataka niliandike jambo hili tangu mwanzo wake, kwa sababu nikiandika ya leo peke yake nitaonekana mtu mwema kuliko nilivyokuwa. Mimi nimeishia darasa la saba. Kazi yangu ni bustani, kwenye chuo kimoja cha serikali hapa Morogoro, na daftari hili nililianza kwa ajili ya miche, tarehe ya kupanda na tarehe ya kuchipua. Mambo ya nyumbani yakajipenyeza humo kidogo kidogo. Pale nilipokosea, nimekosea kwa kutojua, isipokuwa pale nitakaposema mwenyewe kwamba nilijua.

Tuna kiwanja Bigwa. Ni kidogo na kimekaa kwenye mteremko, lakini kina hati. Tulikinunua pamoja, nusu ni mshahara wangu na nusu ni sare za shule alizoshona mke wangu kwa cherehani yake. Kuta zimefika kwenye lenta, pale juu ya madirisha, zikasimama. Zimenyeshewa masika tatu. Ndani ya chumba kitakachokuwa chetu umeota mpapai ambao hakuna aliyeupanda, nikataka kuung'oa, mke wangu akanikataza.

"Uache," alisema. "Angalau mmoja wetu awe ameshahamia."

Sisi wenyewe tunakaa vyumba viwili vya kupanga, si mbali na hapo, na mabinti wetu wawili, ingawa mkubwa siku hizi yuko chuo cha ualimu na anarudi likizo tu. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunapitia kwenye kuta zetu. Zina mapengo ambayo mtu angeweza kukatiza, lakini mke wangu sijamwona hata siku moja akikatiza. Anazunguka, anaingia mlangoni, ingawa mlango haupo, na kabla ya kuingia anajifuta viatu. Akishaingia vyumba vyote anatoka mbele, anasimama kwenye vichaka ambapo patakuwa na baraza.

"Kiti changu nitaweka hapa," anasema. "Mgongo ukutani, magoti yaangalie mlima. Na nikishakaa mtu asiniulize chumvi iko wapi."

Amesema maneno hayo Jumapili nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nami nasimama pembeni yake, nautazama mlima ule ule nilikozaliwa, naona kama nimekaa nje ya nyumba ya mtu mwingine nangoja kukaribishwa.

Mwaka jana mwishoni walikuja watu pale chuoni wakatueleza kwamba kuna mkopo wa nyumba kwa watumishi wa kima cha chini, una mkono wa serikali, riba yake nafuu, na mtu anaweza kukopa hata wa kumalizia tu. Nilisikiliza nikiwa nimeshika mpira wa maji. Nilimwagilia ua moja mpaka likaelea. Januari nikaenda benki.

Afisa mikopo ni binti mdogo, anaweza kuwa rika la binti yangu mkubwa. Sina baya la kusema juu yake. Alisimama akaniamkia, akanipa kiti, akaeleza kila kitu mara mbili bila kukunja uso. Aliponieleza mpaka mwisho nikadhani tumemaliza, kumbe ndio kwanza.

"Sasa baba, kuna bima," alisema. "Ziko mbili. Moja ni ya nyumba yenyewe, moto, mafuriko, ardhi ikiporomoka. Ya pili ni ya kwako wewe."

"Mimi siumwi."

"Siyo ya hospitali, baba. Hii ni kwamba Mungu akikuchukua kabla hujamaliza kulipa, bima inalipa deni lililobaki. Nyumbani hawadaiwi hata shilingi."

"Na asiponichukua?"

"Tunamshukuru."

"Na hela niliyolipa?"

"Hiyo hairudi, baba."

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri nyuma yangu akacheka. "Ndugu yangu, hiyo ndiyo biashara pekee duniani ambayo ukila hasara unakwenda kutoa sadaka."

Nikauliza kama serikali si ndiyo imesimama nyuma ya mkopo huu. Binti akasema imesimama, ndiyo maana riba ni ndogo, lakini kwenye umri wangu nasimama mwenyewe. Bima ile inapigiwa hesabu kwa umri wa mtu na kwa miaka atakayolipa, halafu inakatwa mwanzoni, kabla mkopo haujatoka. Hesabu za benki sizimudu, kwa hiyo nilizigeuza mabati. Ilikuwa mabati ishirini na mawili.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu hivyo hivyo, mabati ishirini na mawili yanaondoka kabla hatujaona hata moja.

"Yanakwenda kumwezekea nani?"

"Kifo changu."

"Basi kifo chako kina bahati," alisema. "Kimepata paa kabla yangu."

Tulicheka. Nakumbuka kwamba tulicheka, kwa sababu baadaye tulikaa muda mrefu bila kucheka.

Sasa nifike kwenye fomu. Ile ya bima ina mstari unaouliza jina la mtu atakayefuatilia mambo na kukabidhiwa hati ya nyumba endapo mkopaji atafariki. Mimi niliandika jina la mtoto wa dada yangu. Yote matatu, la kwake, la baba yake, la babu yake, kwa herufi kubwa. Sikusita, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kwetu milimani mtu ni wa upande wa mama. Ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa mama, na mwanamume akifa anayesimama mahali pake ni mtoto wa dada yake, si mtoto wake wa kuzaa. Baba yangu alijenga nyumba kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu, akaiezeka mabati kwa hela ya kabichi. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Matanga yalipokwisha walikuja wapwa zake wawili, wakapanda juu, wakang'oa mabati. Walifanya kwa adabu. Walimwamkia mama, wakanywa uji aliowapa, wakakusanya misumari yote kwenye kopo. Ardhi ilikuwa yetu, kuta zilikuwa zetu, mabati yalikuwa ya baba, na baba alikuwa wa kwao. Hawakuiba. Tena nilipokuwa mkubwa nilikuja kujua kwamba mabati yale yalikwenda kumwezekea bibi mzaa baba, ambaye alikuwa ananyeshewa, na ni haki hilo liandikwe. Lakini nakumbuka walivyokuwa wanashuka nayo vichwani katikati ya mashamba, yanametameta juani, yanapotea kwenye kona na kutokea tena chini zaidi. Mama alikuwa ameshachukua mundu, anakwenda kukata nyasi.

Tangu siku ile nimetamani paa ambalo hakuna mtu anaweza kulishusha kwa adabu. Si nyumba kubwa. Sijawahi kutamani nyumba kubwa.

Mtu aliyeyaona hayo anaandikaje jina la mpwa? Nimejiuliza sana. Nadhani mkono uliandika kabla mimi sijafika. Lakini nisijitetee mno, kwa sababu kulikuwa na jambo la pili. Mpwa wangu huyu si mtu wa kudharau. Ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto, analima njegere na karoti kule juu. Nilipokuwa najenga alishuka viangazi viwili, akafyatua tofali zote za nyumba ile. Alikataa malipo, akala tulichokula, akalala kwenye turubai pale pale kiwanjani ili watu wasiibe tofali. Nilikuwa najua Mungu amenipa mpwa mwema, na nilitaka siku moja aone kwamba nilijua.

Na hapa kuna lile nililosema nitalisema. Nilijua. Binti wa benki aliisoma fomu akaniuliza, "Huyu ni mwanao, baba?"

"Ni mpwa wangu."

"Na mama yupo?"

"Yupo."

Akanitazama kidogo. Ningeweza kuomba fomu nyingine pale pale. Lakini nyuma watu walikuwa wamepanga foleni, na mimi mtu wa darasa la saba niliona aibu kuomba karatasi ya pili kana kwamba ya kwanza imenishinda. Nikatia saini.

Wiki mbili baadaye benki wakaita. Sheria inasema nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani mpaka mwenza akubali kwa saini yake. Mke wangu akaenda kwa furaha, amevaa kitenge kipya na miwani yake ya kushonea. Mimi nilikuwa nimeshasahau kabisa nilichoandika, au nilikuwa nimejisahaulisha, siwezi kuapa.

Mke wangu ni fundi. Hakati kitambaa mpaka apime mara mbili. Akaisoma karatasi ya ridhaa, halafu akaomba na zile nyingine, akazisoma moja moja. Nilimwona kidole chake kinashuka mstari kwa mstari, na kilipofika pale kikasimama, ndipo nami nikakumbuka.

"Mwanangu," alimwambia yule binti, "nieleze kama mtu asiyejua. Nikisaini hapa nimekubali nini?"

"Umekubali nyumba iwe rehani, mama. Mkishindwa kulipa, benki inaweza kuiuza, na wewe hutasema hukujua."

"Sawa. Na huyu mume wangu akifa?"

"Bima inalipa, deni linafutwa, hati inatoka."

"Inakwenda kwa nani?"

Binti aliinamia karatasi. Akaweka kidole chake karibu na kidole cha mke wangu.

Mke wangu akailaza kalamu mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Kwa hiyo akiwa hai nimo," alisema, "na akifa nimetoka." Halafu akasimama, akajitengeneza kitenge. "Nitakuja siku nyingine, mwanangu. Leo sikuja na miwani."

Miwani ilikuwa machoni pake. Binti aliiona, na mimi niliiona.

Tulipofika nyumbani mke wangu akaning'iniza kitenge chake, akakaa, akasema bila kupandisha sauti. Yeye ametoka Iringa, na kwao mambo ni kinyume cha kwetu.

"Kwetu mtoto ni wa baba," alisema. "Nikienda na hawa mabinti wanaambiwa, karibuni wageni, kwenu ni kwa baba yenu. Kwenu mtoto ni wa mama. Tukipanda mlimani wanaambiwa, karibuni wageni, ninyi mna ukoo wa mama yenu. Sasa baba watoto, mimi nimekuzalia watoto wawili. Niambie. Kwao ni wapi?"

"Ni hapa."

"Hapa tunalipa kodi."

"Ni pale kiwanjani."

"Pale umemwandika mwingine."

Nilitoka nikaenda kusimama karibu na bomba kama mtu anayesubiri ndoo ijae, na ndoo sikuwa nayo.

Mtu atauliza, kwa nini hukwenda kesho yake ukabadilisha? Ni swali la haki. Nilimwogopa dada yangu. Baba yetu alipokufa yeye alikuwa ameshavunja ungo, ndiye aliyenibeba, ndiye aliyeacha shule ili mimi nimalize darasa la saba. Niliona kwamba nikilifuta jina la mwanawe nimemfuta yeye. Nikawa nasema wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema ijayo. Zikafika tano.

Katika wiki hizo mke wangu hakuninyima kitu. Alipika, alinipigia pasi, aliniuliza nimeshindaje. Lakini Jumapili tukitoka kanisani alikata njia ya upande wa pili, ya sokoni, na binti yetu mdogo akamfuata. Nilikwenda peke yangu kwenye kuta. Mara ya kwanza niliingia vyumba vyote kama tunavyofanya, nikatoka mbele, nikasimama palipo na vichaka. Mlima ulikuwa safi siku hiyo, vibanda vyote vya juu vinaonekana, na moshi wake. Nilijaribu kuutazama kama anavyoutazama yeye. Sikuweza. Kuta zile zilikuwa na sauti yake tu ndani yake, na yeye hakuwepo. Niliondoka bila kumaliza dakika kumi, na Jumapili zilizofuata nilipita barabarani tu, nikitazama kwa pembeni kama mwizi.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nikapanda kwa dada. Bodaboda ilinifikisha mwisho wa barabara, kisha nikatembea kama saa moja na nusu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, na kwa wasiwasi nilisahau hata kununua sukari. Nilimkuta uani, anamenya njegere kwenye ungo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Unapanda mlima mikono mitupu, uso umekusinyaa, halafu hakuna aliyekufa? Haya kaa. Labda ni wewe na hujaambiwa."

Nikaeleza yote. Mkopo, bima, mstari, jina, mke wangu na miwani. Alikuwa anaendelea kumenya. Nilipomaliza akasimamisha vidole.

"Umeandika jina la mwanangu kwenye karatasi ya kifo chako?"

"Ndiyo."

"Nani kakupa kazi hiyo?"

Sikuelewa.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Mrithi anachaguliwa na anayekufa? Ukifa tutakaa, tutalia, tutakula, tutagombana, na tukishachoka kugombana ndipo ukoo utasema ni nani. Labda tungemsimamisha huyu. Labda wa mdogo wetu wa kule Matombo. Wewe maiti umeipata wapi nafasi ya kupiga kura?"

Nilitaka kucheka, akanizuia kwa jicho.

"Na kile kiwanja, ni ardhi ya lukolo?"

"Hapana. Tulinunua."

"Wewe na nani?"

"Na mke wangu."

"Ukoo ulichanga?"

"Haukuchanga."

"Basi wewe unatugawia cha mwenzako ili tukuone mwema."

Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa shati katikati ya misa. Wiki tano nilikuwa nimejiambia kwamba niko katikati ya mila mbili na kila upande unanivuta. Kumbe sikuwa katikati. Nilikuwa nimezikosea zote mbili, ya kwetu na ya kwao mke wangu, na hakuna aliyenituma.

Dada akarudia kumenya. Baada ya muda akasema, "Kafute. Lakini usishuke huko ukasema dada hakuumia. Na mimi nilitaka, siku moja, mtu wa tumbo letu awe na mlango mjini. Wa kubisha tu. Nibishe, nifunguliwe."

Mpwa wangu alikuwa amesharudi kutoka shambani, amesimama kwenye kona ya nyumba na jembe lake, sijui amesikia kutoka wapi. Akaniamkia, akachuchumaa.

"Mjomba, zile tofali nilifyatua kwa sababu uliniita. Hukuniambia ni za kurithi, na mimi sikuuliza."

"Najua."

"Lakini kama kuna nafasi ya kuomba, naomba kitu kimoja. Mtoto wangu yuko darasa la sita. Sekondari huku ni kupanda na kushuka, akifika kachoka. Akifaulu, apate pa kulala kwenu, asomee mjini."

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Nikaushika. "Nitasema na mwenye nyumba," nilimjibu.

Dada akacheka kwa sauti, njegere zikamwagika. "Sasa umeanza kupata akili. Umechelewa, lakini umeanza."

Nilishuka nikamkuta mke wangu anashona pindo la sare, pini zimejaa mdomoni. Nilimweleza kila kitu, hata yale yanayoniaibisha, hata ombi la mpwa. Kwa kuwa ana pini hakuweza kunikatiza, na nadhani hiyo ilinisaidia. Nilipofika kwenye maneno ya dada akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Wifi kasema hivyo? Kwamba unawagawia cha mwenzako?"

"Kwa maneno hayo hayo."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Nikamuuliza juu ya mtoto.

"Tutaona," alisema, akarudisha pini mdomoni.

Nimeishi naye miaka ishirini na miwili na bado sijui "tutaona" yake inaelekea upande gani.

Leo asubuhi tumekwenda benki. Binti alitukaribisha kana kwamba tulikuwa pale jana, akatoa fomu mpya bila kuuliza. Niliandika jina la mke wangu, na chini yake, palipokuwa na nafasi ndogo, majina ya mabinti. Nilipomrudishia akalinganisha na kitambulisho changu, akatabasamu.

"Hongera, baba."

"Ya nini?"

"Umetimiza hamsini. Wiki iliyopita."

Tukatazamana mimi na mke wangu. Hakuna aliyekumbuka. Kwetu hatuna desturi ya keki, lakini kwa kawaida huwa ananiambia asubuhi, leo umezeeka. Mwaka huu siku yenyewe ilipita hivi hivi.

Lakini benki ilikumbuka. Ukivuka hamsini unaingia kundi jingine la bima. Binti akapiga hesabu upya, akatugeuzia kompyuta tuione wenyewe, tena aliona aibu kama vile kosa ni lake. Nikaigeuza kichwani. Mabati thelathini na moja.

"Mwanangu," mke wangu alisema, "amekaa na arobaini na tisa mwaka mzima hakuna aliyemtaka. Ana hamsini ya wiki moja, bado haijakauka, mnaitoza?"

Binti alicheka, akasema angeweza angetusaidia, mashine ndiyo inayosoma tarehe. Kama tungekuja kabla ya siku ile, ingebaki ile ile ya Januari. Hakusema kwa kunilaumu. Ni mimi niliyejua kuhesabu wiki tano nyuma.

Kwa mshahara wangu mkopo hauwezi kuongezwa. Kwa hiyo ilibidi kitu kipungue kwenye mchoro, kwa sababu mkaguzi wa benki atakuja kuangalia kama tulichosema tutakiezeka kimeezekwa. Binti akautandaza mchoro mezani. Vyumba vitatu, sebule, jiko, baraza. Mimi nikaweka kidole kwenye chumba cha tatu, kile kidogo cha nyuma.

"Hiki kinaweza kungoja," nilisema.

Mke wangu aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Aliugeuza, akautazama na upande wa pili, kama anavyofanya akitafuta pa kubania nguo ambayo kitambaa hakikutosha.

"Toa baraza," alisema.

"Mama watoto. Baraza?"

"Chumba kina kuta tayari. Baraza ni hewa." Akamwambia binti, "Toa baraza, mwanangu. Mlango wa mbele utoke moja kwa moja nje."

Binti akachukua rula, akapitisha mistari miwili ya kalamu nyekundu. Mke wangu akatia saini ya ridhaa, jina lake lote, polepole. Jibu litatoka baada ya wiki kadhaa, na binti amesema haoni kwa nini tukataliwe, lakini si yeye anayeamua.

Njiani nilitaka kumuuliza. Je, alimfikiria mtoto wa mpwa, au alipiga hesabu ya nguzo na mbao akaona ni nafuu? Inawezekana ni hilo la pili. Yeye ni fundi, anajua kukata pasipouma nguo. Sitaki kumwandikia wema ambao hakuusema, wala kumnyima ule aliokuwa nao. Nilichofanya ni kumshukuru tu.

"Usinishukuru," alisema. "Sijampa mtu kitu."

Mabati tisa ni ya woga wangu, hilo naliandika waziwazi. Ningepanda kwa dada mwezi uliopita, kiti cha mke wangu kingekuwa na mahali. Ningependa kuandika kwamba nitaliezeka baraza lile mwenyewe siku moja, kwa hela ya pembeni, lakini nimeshaandika mengi kwa haraka mwaka huu. Wacha nisiliandike mpaka nimelifanya.

Sasa hivi amekaa nje kwenye ndoo iliyogeuzwa, anachambua mchicha. Uani kwetu hapa pamebanana, ukikaa upande wowote unatazama ukuta wa jirani, na mlima uko nyuma ya mgongo wake. Mara moja nimemwona akigeuza shingo kuutazama, wingu lilikuwa limeushika wote, akarudi kwenye mchicha wake. Nilitaka nitoke nikae naye. Nikaona nimalize kwanza kuandika, halafu nikaona hiyo ni sababu ya kijinga, nikatoka.

Tumekula ugali na mchicha wa karanga, na dagaa waliobaki jana. Binti yetu mdogo amekwangua ukoko.